Kamati, Jarida na Kamusi: Historia ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, inayojulikana zaidi kwa kifupisho cha TATAKI, ni mrithi wa chombo kilichoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, na kwa sababu hiyo mwanzoni mwa mwaka 2030 itatimiza miaka 100, umri ambao ni taasisi chache za kitaaluma katika Afrika Mashariki zinazoweza kuudai. Katika umri huo chombo hicho kimebadili jina, makao na watawala wake, na zaidi ya hayo kimebadili hata namna kinavyoielewa kazi yake. Kilianzishwa na serikali za kikoloni ili kiamue neno gani ni sanifu na liandikweje, lakini kadiri miaka ilivyopita kikawa mahali ambapo fasihi, historia na utamaduni wa Waswahili vinakusanywa, vinahaririwa na kujadiliwa. Mabadiliko hayo hayakupangwa na mtu yeyote, na sehemu kubwa yake ilipitia katika jarida ambalo waanzilishi walilihesabu kuwa kazi ya pembeni.

Haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha maandishi ilitokana na shule. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikabidhiwa Tanganyika wakakuta kwamba Wajerumani walikuwa wamekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala wa chini na ya shule za serikali, ilhali Kenya, Uganda na Zanzibar kila nchi ilikuwa na sera yake na vitabu vyake. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 uliliweka wazi tatizo la vitabu: kuchapisha kitabu kimoja kwa tahajia mbili au tatu, yaani kwa namna tofauti za kuendeleza maneno, kulikuwa ni hasara ambayo idara ya elimu isingeweza kuibeba. Swali lililobaki lilikuwa ni lahaja ipi ichukuliwe kuwa msingi, lahaja ikiwa ni namna ya lugha inayosemwa na watu wa eneo fulani. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na sifa ya ushairi wa kale na kilitetewa na wamisionari waliofanya kazi Kenya. Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, kilikuwa kimefika mbali zaidi bara pamoja na misafara ya biashara, na kilikuwa kimeandikiwa sarufi na Askofu Edward Steere wa misheni ya Zanzibar katika karne ya 19.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao ulihudhuriwa pia na Profesa Carl Meinhof, mtaalamu wa Kijerumani wa lugha za Kibantu, ulikichagua Kiunguja. Uamuzi huo umeandikwa mara nyingi kana kwamba ulikuwa wa kiisimu, yaani wa kisayansi ya lugha, lakini ukweli ni kwamba ulikuwa wa kiutawala. Kiunguja kilishinda kwa sababu kilikuwa na wasemaji wa lugha ya pili wengi katika eneo pana na kwa sababu Tanganyika, nchi iliyokihitaji Kiswahili kuliko nyingine, ilikuwa imekwisha kukizoea. Wenyeji wa Mombasa, Lamu na Pate, ambao wazee wao ndio waliotunga tenzi na mashairi ambayo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiyahariri kwa heshima kubwa, walijikuta wakiambiwa kwamba lugha ya tungo hizo si ya darasani. Manung'uniko yaliyotokana na jambo hilo hayajakwisha mpaka leo, na yeyote anayeisoma historia ya taasisi hii bila kuyatia maanani atashindwa kuelewa kwa nini baadhi ya washairi wa pwani waliendelea kutunga kwa lahaja zao hata baada ya miongo ya usanifishaji.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kutekeleza uamuzi huo iliwakilisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na makao yake ya kwanza yalikuwa Dar es Salaam. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, mtu wa idara ya elimu ya Tanganyika ambaye alikuwa amekwisha kutafsiri kwa Kiswahili riwaya za Kiingereza, zikiwemo Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Rider Haggard na Kisiwa chenye Hazina ya Robert Louis Stevenson. Kazi za Kamati zilikuwa kusanifu tahajia, msamiati na sarufi, kuhimiza uandishi wa vitabu, kusahihisha miswada, na kutoa ithibati, maana yake kibali kwamba lugha ya kitabu fulani imekubalika kutumika shuleni. Ithibati ndiyo iliyokuwa nguvu halisi ya Kamati. Kitabu kilichoikosa kilikosa soko, kwa kuwa wanunuzi wakubwa wa vitabu walikuwa shule, na kwa njia hiyo watu wachache waliokutana mara chache kwa mwaka waliweza kuathiri mtindo wa nathari ya Kiswahili, yaani maandishi yasiyo ya kishairi, kwa kiwango ambacho hakuna mwandishi mmoja aliyewahi kukifikia.

Wajumbe wa miaka ya mwanzo walikuwa Wazungu: maofisa wa elimu, watawala na wamisionari. Wajumbe Waafrika walianza kuingia katika miaka ya 1940 tu, wakati mambo makubwa ya tahajia na msamiati yalikwisha kuamuliwa. Katika miaka iliyofuata mwandishi Shaaban Robert alikuwa mmoja wa wajumbe wa Kamati, na ni vigumu kutotafakari namna mtu aliyekuwa akiipanua lugha hiyo kuliko wote alivyokaa katika kikao kilichoundwa kwanza bila watu kama yeye. Hata hivyo si haki kuwatwika wanakamati wa awali lawama zote. Walikuwa na bidii, walijua kwamba wanahitaji ushauri wa wasemaji wazawa, na baadhi yao waliandika wazi kwamba lugha inayotoka katika vitabu vya shule ilikuwa kavu na yenye harufu ya tafsiri. Malalamiko hayo yanasomeka katika kurasa za taarifa zao wenyewe.

Tunda la kwanza kubwa la Kamati lilikuwa kamusi. Mwaka 1935 ilitoka kamusi ya Johnson ya Kiswahili kwa Kiswahili, kitabu kidogo ambacho sasa kinasahaulika ingawa ndicho kilichojaribu kwanza kulieleza neno la Kiswahili kwa maneno ya Kiswahili. Johnson alifariki mwaka 1937, na kamusi zake mbili kubwa zaidi, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili, zilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1939, zikiwa zimejengwa juu ya kazi ya awali ya A. C. Madan. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mwaka huohuo wa 1939 ndipo kamusi kubwa ya padri Charles Sacleux ilipochapishwa Paris, kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa ambayo iliyapa maneno ya lahaja nafasi pana ambayo kamusi za Kamati hazikuweza kuyapa. Mtafiti wa leo anayetafuta maana ya neno katika utenzi wa karne ya 19 mara nyingi humfungua Sacleux kabla ya Johnson, na hilo ni matokeo ya moja kwa moja ya kazi ambayo kila mmoja wao alikusudia kuifanya.

Makao ya Kamati hayakutulia. Mwaka 1942 yalihamia Nairobi, mwaka 1952 yakapelekwa Makerere, Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakawa Mombasa kwa muda mfupi kabla ya kurudi Dar es Salaam. Uhamisho wa Nairobi haukuleta mengi. Ule wa Makerere ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu uliitoa Kamati katika ofisi za serikali na kuiweka kwenye chuo, na kwa sababu shughuli ya kuchapisha na kusambaza vitabu ilikuwa imechukuliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948. Kamati ikabaki na nafasi ambayo haikuwa nayo kabla. Wilfred Whiteley, mtaalamu wa isimu aliyekuwa katibu wake katika kipindi cha Makerere, aliitumia nafasi hiyo kuigeuza taarifa ya Kamati kuwa jarida la kitaaluma.

Taarifa hiyo ilikuwapo tangu 1930, ikibeba orodha za maneno mapya, maswali ya tahajia na maamuzi ya vikao. Katika miaka ya 1950 ilipata jina na sura ya jarida, baadaye ikaitwa Swahili, na tangu mwaka 1970 inaitwa Kiswahili. Lililo muhimu zaidi ni viambatisho vyake, yaani vitabu vilivyochapishwa pamoja na jarida lakini vikisimama peke yake. Mwaka 1955 J. W. T. Allen alitoa kwa njia hiyo Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, unaosimulia namna watu wa pwani ya Tanganyika, wakiongozwa na Abushiri na wengineo, walivyopigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889. Mwaka 1957 ukafuata Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotafsiriwa na Whiteley na kupewa utangulizi wa kihistoria na Margaret Bates. Mwaka 1958 na 1959 yakatoka Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tawasifu ya mfanyabiashara wa Unguja aliyetawala sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki kabla ya Wabelgiji, tawasifu ikiwa ni maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mtu huyo mwenyewe.

Matini hizo tatu zilikuwa zimekwisha kuwavutia wataalamu wa Kijerumani, na masimulizi ya Tippu Tip yalichapishwa kwanza Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 na Heinrich Brode. Kilichofanywa na Kamati kilikuwa kuzirudisha Afrika Mashariki, katika hati za Kirumi ambazo msomaji wa shule angeweza kuzisoma, na katika wakati ambao vyama vya siasa vilikuwa vikidai uhuru. Chombo cha serikali ya kikoloni kilichapisha, kwa gharama yake, tenzi za watu waliopinga ukoloni kwa silaha. Si lazima kuona ujasiri katika jambo hilo. Upo uwezekano mkubwa kwamba wahariri waliziona kama hazina ya lugha kwanza na ushahidi wa historia baadaye. Lakini wanahistoria wa Chuo Kikuu waliozipata walizisoma kwa namna nyingine. Mradi wa utafiti wa Maji Maji wa mwaka 1968, ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, ambapo wanafunzi walitumwa vijijini kwao kurekodi kumbukumbu za wazee, ulifanyika katika mazingira ambayo tayari yalikubali kwamba masimulizi ya Waafrika wenyewe ni chanzo halali cha historia, na viambatisho vya jarida la Kiswahili vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoyajenga mazingira hayo.

Kazi ya Allen ilikwenda mbele zaidi ya uhariri. Yeye na wenzake walizunguka pwani kukusanya miswada, yaani maandishi ya mkono, ambayo mengi yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, na kuviweka katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Sehemu ya miswada hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake, waliozisoma tenzi katika nyumba zao, wakazinakili na kuzirithisha kwa binti zao, kama inavyotarajiwa katika jamii ambayo Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi maarufu mwaka 1858. Usomi wa kiume wa ofisi za elimu ulikuwa umeipita kando maktaba hiyo ya majumbani kwa miaka mingi. Mkusanyo wa Dar es Salaam hauna ukubwa wa pekee ukilinganishwa na ule wa London, ambako karatasi za watafiti wa awali kama W. E. Taylor zimehifadhiwa, lakini thamani yake ni kwamba uko mahali ambapo wanafunzi wanaoijua lugha wanaufikia kwa miguu.

Kamati iliporudi Dar es Salaam ilikuta Chuo Kikuu kikiwa kichanga. Kilikuwa kimeanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka huohuo Kamati ilifutwa kama chombo cha nchi nne na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ndani ya chuo hicho, Whiteley akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Kenya na Uganda zilipoteza sauti rasmi katika chombo ambacho zilikuwa zimekigharamia kwa miaka 34, na gharama ya jambo hilo ilionekana baadaye, kila nchi ilipoanza kubuni istilahi zake. Tanzania kwa upande wake iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na kwa hatua hiyo mamlaka ya kuamua lugha sanifu yalihama kutoka kwa watafiti kwenda kwa chombo cha serikali. TUKI ilipunguziwa madaraka na kuongezewa uhuru. Haikulazimika tena kuwaambia waandishi namna ya kuandika, na ikaanza kuuliza ni nini wanachoandika.

Swali hilo lilipata watu wa kulijibu mara tu ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili ulipoanza chuoni mwishoni mwa miaka ya 1960. Farouk Topan, aliyeifundisha fasihi hiyo katika miaka hiyo, alihariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, kitabu cha tahakiki, yaani makala zinazopima na kufafanua kazi za fasihi, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971. Idara ya Kiswahili iliundwa mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi, mwanariwaya ambaye tayari alikuwa ameandika Rosa Mistika, aliwasilisha tasnifu yake ya uzamili kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, akiiandika kwa Kiswahili. Leo jambo hilo halimshangazi mtu; wakati ule lilithibitisha kwamba lugha iliyochunguzwa kwa Kiingereza kwa karne nzima inaweza kujichunguza yenyewe.

Kezilahabi ndiye pia aliyeuwasha mgogoro uliojaza kurasa nyingi za miaka hiyo. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, ilikuwa na mashairi yasiyofuata vina, yaani sauti zinazolingana mwishoni mwa vipande vya mistari, wala mizani, yaani idadi maalumu ya silabi katika mstari. Washairi wengi, waliolelewa katika kanuni ambazo Sheikh Amri Abedi alizieleza mwaka 1954, waliuona mtindo huo kuwa ni nathari iliyokatwakatwa. Mathias Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotoa pamoja Malenga wa Bara mwaka 1976 na baadaye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, walijibu kwamba vina na mizani ni mapokeo ya eneo moja la Kiswahili, si kiini cha ushairi, na kwamba ushairi simulizi wa Kiafrika umekuwa ukiishi bila hayo. Jumanne Mayoka alitoa kitabu kizima cha kuupinga mtazamo huo. Nyuma ya hoja za silabi kulikuwa na swali la nani mwenye Kiswahili, pwani au bara, Waislamu waliokilea kwa karne nyingi au vijana wa vyuo waliokipokea kama lugha ya taifa. Majarida mawili ya TUKI, Kiswahili, lililopokea makala za Kiingereza na Kiswahili, na Mulika, lililoandikwa kwa Kiswahili kitupu, yalizipa pande zote nafasi, na ni kwa sababu hiyo mgogoro huo unaweza kusomwa leo kama historia ya mawazo badala ya kubaki kumbukumbu ya matusi ya magazetini. Kwa kadiri tahakiki ya Kiswahili inavyoweza kusemwa kuwa ilikomaa mahali fulani na wakati fulani, ilikomaa katika mabishano hayo.

Taasisi haikujifungia katika fasihi yenye heshima peke yake. Rajmund Ohly, mtaalamu wa Kipolandi aliyefanya kazi TUKI, alichapisha mwaka 1981 utafiti juu ya nathari ya miaka ya 1970, akivichukulia kwa uzito vitabu vidogo vya upelelezi, mapenzi na uhalifu wa mjini ambavyo walimu wengi waliwakataza wanafunzi kuvisoma. Semina ya kimataifa ya waandishi wa Kiswahili iliyoandaliwa na TUKI mwaka 1978, ambayo makala zake zilichapwa mwaka 1983 katika juzuu za lugha, uandishi na uchapishaji, na fasihi, iliwaweka watunzi na wahakiki katika ukumbi mmoja.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilichapishwa mwaka 1981, ikiwa kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili kwa Kiswahili kuandaliwa na watafiti Waafrika, miaka 46 baada ya ile ya Johnson. Matoleo yaliyofuata yalitoka mwaka 2004 na 2013, na tangu 1981 zikatoka pia kamusi za Kiingereza na Kiswahili za mwaka 1996 na 2001, kamusi za isimu, sayansi na tiba, pamoja na vitabu vitatu vya sarufi vya David Massamba, Yared Kihore na wenzao, vinavyoshughulikia miundo ya sentensi, maumbo ya maneno na fonolojia, ambayo ni elimu ya mpangilio wa sauti za lugha. Kazi za kamusi za kisayansi zilitangulia mahitaji, kwa kuwa shule za sekondari za Tanzania ziliendelea kufundisha sayansi kwa Kiingereza, na istilahi zilizobuniwa kwa uangalifu zilikaa vitabuni zikisubiri darasa.

Mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa kuwa TATAKI, na hivyo utafiti na ufundishaji, vilivyokuwa chini ya paa mbili kwa takribani miaka 40, vikawa kazi ya watu walewale. Faida yake ni kwamba mwandishi wa kamusi humfundisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza na msimamizi wa tasnifu za fasihi huhariri jarida. Hasara yake, ambayo kila chuo kikuu kinaifahamu, ni kwamba darasa hudai muda wake kila siku ilhali mswada wa hati za Kiarabu unaweza kungoja. Mingi kati ya miswada iliyokusanywa na Allen na waliomfuata haijahaririwa wala kuchapishwa, na wasomi wanaoweza kuusoma mwandiko wake, kuitambua lahaja yake na kuieleza historia yake kwa pamoja ni wachache kuliko walivyokuwa wakati katalogi ya mwaka 1970 ilipotolewa.